Kipande Kilichobaki cha Kimondo cha Mwankalo

Sogeeni karibu mnisikie vizuri. Mwenye usingizi akalale mapema, kwa sababu nikimaliza nitadai jibu, na "sijui" sitaipokea.

Walikuwepo watu watatu. Zaituni Mughenyi, mchemsha chumvi wa kijiji cha Mwankalo, alijaliwa ukaidi: akishika jambo, haachii. Dafroza Ntandu, mwanakemia, alijaliwa mikono: aliweza kutenganisha vitu ambavyo jicho linaviona ni kimoja. Wilbard Kahwa, mpimaji, alijaliwa shaka: hakuamini namba yoyote, hata aliyoipima mwenyewe, mpaka aihoji. Kilichowakutanisha ni kimondo, na nusura kimondo hichohicho kiwafanye wasisalimiane maisha yao yote. Tumfuate Dafroza, maana siku ile hasira yake ndiyo iliyotikisa jengo.

Lakini kwanza Zaituni. Alasiri moja ya kiangazi anga lilinguruma bila wingu, na jiwe jeusi kama mkaa, kubwa kama ngumi mbili, likaanguka kwenye uwanda wa chumvi mbele ya majiko yake. Aliogopa kuligusa. Alilichota kwa koleo, akalitia kwenye chungu kipya, akakifunga mdomo na kukipandisha darini, mahali pakavu. Mwaka ule mvua ilichelewa. Watu wakasema jiwe ndilo limeifunga. Shemeji yake, Hango, akaja mlangoni na kundi la wanaume.

"Shemeji, lete hilo jiwe tulitupe ziwani."

"Mwaka juzi mvua ilipogoma, jiwe lilikuwa wapi?"

"Usitujibu kwa maswali. Lete."

"Limeanguka kwangu. Mpaka nijue ni nini, halitoki."

Walivunja majiko yake yote. Wakamtenga: akifika kisimani, wenzake wanajitwika ndoo na kuondoka. Zaituni akakaa bila kazi na bila wa kuzungumza naye, na jiwe likakaa darini. Lingetupwa ziwani, maji ya magadi yangelila na hadithi yangu ingeishia hapo. Watafiti waliosikia habari za jiwe walipofika hatimaye, alilitoa kwa sharti moja: "Likaangalieni, mje mniambie ni nini, na mnirudishie." Profesa Lwitiko Mwaisumo, mkurugenzi wa taasisi ya miamba, akaitikia kwa kichwa.

Dafroza hakuwepo siku hiyo. Alipokabidhiwa jiwe maabara, profesa alimwambia maneno mengine: "Mwenyewe ametuachia. Fanya unavyoona inafaa."

Basi Dafroza akafanya. Ili mjue alichokuwa anatafuta, fikirini ndugu wa tumbo moja, sura moja, ila mmoja mzito na mwingine mwepesi. Chembe za elementi moja ziko hivyo, na wanakemia huziita isotopu. Vitu vyote vilivyoumbika pamoja na jua letu, kuanzia mawe ya mlimani hadi mifupa yetu, vina wazito na wepesi kwa mgawanyo unaokaribiana. Ukikuta punje ambayo mgawanyo wake haufanani na wa kitu chochote cha kwetu, hiyo ni mgeni. Ilizaliwa na nyota nyingine, jua lilipokuwa bado halijawaka.

Punje za namna hiyo, kama zimo, ni ndogo kuliko vumbi la unga, zimetapakaa ndani ya jiwe. Dafroza aliisaga sehemu kubwa ya kimondo, akaiyeyusha kwa asidi moja baada ya nyingine, na kila hatua jiwe likazidi kupungua. Asidi ya mwisho ilikuwa ile inayokula hata kioo. Siku aliyokuwa akiimimina, glovu ilikuwa na tundu asiloliona. Alihisi joto kidoleni, akajua palepale ni nini. Kila anayefanya kazi ile anafundishwa kuacha vyote na kukimbilia maji. Lakini chombo kilikuwa wazi, kimeinama mkononi, na ndani yake mlikuwa na kila kitu. Alikisimamisha, akakifunika, akakaza kifuniko. Ndipo akakimbilia maji. Hospitali walikikata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ndani ya chombo mlibaki vumbi la kijivu, kidogo kuliko chumvi unayoinyunyiza kwenye yai.

Vumbi hilo likaenda kwa Wilbard. Mashine yake iliyapasha moto mawe mpaka yakatoa gesi zilizofungwa ndani, kisha ikazipanga gesi hizo kwa uzito, wazito huku, wepesi kule. Alikuwa anaitafuta zenoni, gesi isiyoungana na kitu kwa urahisi, kwa hiyo hutunza kumbukumbu ya zamani kuliko nyingine. Namba za kwanza zilikuwa kubwa ajabu. Taasisi nzima ikashangilia, profesa akaita waandishi wa habari. Wilbard akasimama mbele ya kamera, akazipitia namba zile mara moja zaidi, kisha akasema:

"Naomba radhi. Hii si gesi ya kimondo. Mgawanyo huu ni wa hewa tunayovuta humu ndani. Mashine inavuja."

Profesa alicheka kwa aibu, kamera zikazimwa. Wiki iliyofuata cheo cha ukuu wa maabara, ambacho Wilbard alikuwa ameahidiwa, akapewa mtu mwingine. Hakugomba. Aliifungua mashine kiungo kwa kiungo hadi akaupata mpira mmoja wa kuzibia uliokauka na kupasuka. Akaubadilisha, akaifunga mashine, akaipasha moto kuifukuza hewa yetu yote, na akaingiza vumbi lililosalia. Safari hii gesi ilikuwa kidogo mno, na mgawanyo wake haukufanana na wa hewa wala na wa jua. Punje za Mwankalo zilikuwa na umri mkubwa kuliko jua.

Habari ikatangazwa redioni kwa jina la taasisi. Na redio ndiyo iliyomwambia Zaituni kwamba jiwe lake "liliyeyushwa kitaalamu".

Alifika asubuhi, na mlinzi akamweka nje getini mpaka jua likawa kali. Dafroza, akitoka kunywa chai, alimkuta amesimama na mtungi mtupu kichwani, ule aliotaka kuutia jiwe.

"Shikamoo mama. Unamsubiri nani?"

"Marahaba. Nimefuata jiwe langu. Wewe ndiye unayehusika?"

"Jiwe lipi, mama?"

"La Mwankalo. Nilimpa profesa wenu alitazame, siyo alipike."

Dafroza alihisi damu ikimpanda kichwani. Alimshika mkono yule mama, akapita naye mbele ya mlinzi, akapanda naye ngazi hadi ofisini kwa profesa, na mlango hakuugonga.

"Profesa, ulisema mwenyewe ameridhia!"

Profesa alikuwa na Wilbard, wakipanga hotuba. Alivua miwani taratibu. "Dafroza, maelezo ya kitaalamu yangemchanganya tu mama wa watu."

"Ningechanganyikiwa na nini?" Zaituni alisema. "Na neno 'nirudishie'? Mimi nimevunjiwa majiko kwa ajili ya hilo jiwe. Nimetengwa kama mwenye ukoma. Na wewe uliitikia, nikakuona!"

"Mkono wangu umeingia kwenye udanganyifu wako!" Dafroza alipiga meza kwa mkono uleule wenye vidole vinne, na kikombe cha profesa kikaruka. "Unanifanya mwizi bila kunijulisha!"

Profesa hakuomba radhi. Alifungua droo, akatoa kisanduku cha kioo. Ndani yake kulikuwa na kipande cheusi kisichozidi yai la kwale. "Hiki ndicho kimebaki. Jumba moja la makumbusho ng'ambo linakitaka. Bodi ya taasisi inasema kinaweza kubaki nchini ikiwa atapatikana mtu mmoja wa kuwajibika nacho, na awe yule ambaye bila yeye jambo hili lisingejulikana. Mmoja, siyo kamati. Nyie watatu amueni nani. Nikirudi mkiwa bado mnagombana, kinapanda ndege." Akatoka.

Wa kwanza kusema alikuwa Wilbard, kwa sauti ya chini. "Nipeni mimi. Hewa hii tunayovuta, zenoni yake imepungukiwa wale wepesi, na hakuna anayejua kwa hakika walikwenda wapi, wala hewa yenyewe ilifikaje duniani. Kipande hiki kinaweza kutusaidia kujua."

"Utakifanya nini?" aliuliza Zaituni.

"Nitakipasha moto."

"Chote?"

"Gesi ni kidogo, mama. Nikitumia nusu, namba hazitaaminika. Lazima chote."

"Ndiyo maana hakifai kukaa kwako," Dafroza alimkatiza. "Tumekwisha kula karibu jiwe zima. Miaka ijayo patakuwa na mashine zitakazolisoma bila kuligusa. Nikabidhini mimi, nilifungie, asiliguse mtu. Nimelilipia kwa mwili wangu."

"Na mimi sikulipa?" Wilbard akainuka, na kwa mara ya kwanza hasira yake ikaonekana. "Ningenyamaza siku ile, leo ningekuwa na cheo na nyie mngekuwa mnashangilia uongo! Vumbi lako lingekuwa vumbi tu, Dafroza. Nani angejua ni la kale?"

"Ungepima nini kama nisingefunga kile chombo?"

"Nyamazeni!" Zaituni alisema. "Mnabishana nani amelifanya jiwe kuwa kitu. Jiwe lilikuwa kitu tangu lilipoanguka kwangu. Mimi sitaki kulipima wala kulifungia. Nataka kurudi nalo Mwankalo, nilishike mbele ya Hango na wote walionivunjia, niwaambie: hili hapa, ni kongwe kuliko jua, na mlitaka kulitupa majini. Mkiniachia maneno matupu, nitaonekana mwongo mpaka nife."

"Mama, kule litaharibika," Dafroza alisema, na aliposema akaona haya, kwa sababu kwake Zaituni jiwe halikuharibika, na kwake yeye liliyeyuka.

"Halikuharibika nikiwa na njaa. Litaharibika leo?"

Dafroza alikivuta kisanduku mbele yake. Alitamani kumkasirikia mmoja wao, akashindwa. Mama yule alikuwa na haki, Wilbard alikuwa na haki, na yeye mwenyewe, kila kidonda cha mkono kilipomchoma, alijua kwamba anayo haki. Hasira yote ikamrudia profesa, aliyewatupia mfupa mmoja watu watatu na kwenda zake. Lakini kumkasirikia profesa hakukuzuia kipande kupanda ndege.

Viatu vya profesa vikasikika kwenye korido. Mlango ukafunguliwa. "Haya," alisema, "nimwandike nani?"

Wawili wakamgeukia Dafroza, maana kisanduku kilikuwa mbele yake.

Sasa nyie. Msiniambie wangekigawana, hakigawanyiki. Msiniambie profesa afukuzwe, hilo nakubali, lakini siyo nililowauliza. Zaituni alilitunza, Dafroza akalifungua, Wilbard akakataa kulisemea uongo. Mtoe yeyote kati yao, na hakuna ambaye angejua chochote. Wewe uliyekaa hapo mbele ukitikisa kichwa, anza wewe: kisanduku kiko mkononi mwako na profesa anasubiri jina. Unamtaja nani, na hao wawili utawatazama usoni uwaambie nini?