Aliyeshuka kwa Bawabu

Imepokewa kutoka kwa wazee wetu katika imani, kinywa kwa kinywa, kwamba katika nchi ya Nubia, zamani zile wafalme wa huko walipokuwa bado wakibatizwa, palikuwa na nyumba ya watawa juu ya kilima cha mawe meusi, mwendo wa siku mbili kutoka mtoni. Nyumba ile haikuwa na mali. Ilikuwa na kisima kimoja tu, na kwa kisima hicho ilijulikana, maana kila msafiri aliyekatiza jangwa lile alijua kwamba akijikokota mpaka kilimani hatakufa kwa kiu.

Mlangoni aliwekwa mtawa aitwaye Merkuri. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa bawabu. Alikuwa mtu wa sala, mtu wa saumu, mchache wa maneno, na wenzake walimheshimu sana. Nayasema haya mapema ili asije mmoja wenu akadhani nasimulia habari za jambazi. Shetani hana haja ya kuhangaika na majambazi, ndugu zangu. Hao anao tayari.

Ukaja mwaka wa ukame. Maji ya kisima yakashuka hata ndoo ikawa inapanda na tope. Merkuri akaanza kuyaonea uchungu maji yale. Siku moja, jua likiwa utosini na ndugu zake wakiwa kanisani, alisikia mlango unagongwa kwa unyonge. Akachungulia kwenye tundu la kupitishia mkate. Aliona mwanamke amekaa chini, kichwa kimemlalia begani, na pembeni yake mtoto wa kike wa miaka kama sita. Mtoto yule akapenyeza tunduni kibuyu kidogo, kimezungushiwa shanga nyekundu shingoni.

"Baba, tunaomba maji," akasema. "Mama hawezi kutembea."

Merkuri alikipokea kibuyu. Tusidanganyane: alikipokea, akageuka, akakitazama kisima, na kisima kilikuwa na maji. Yalikuwa machache, lakini yalikuwapo. Akawafikiria ndugu ishirini na wawili waliokuwa wakiimba kanisani. Akawaza kwamba akiwapa hawa wawili, kesho watakuja kumi. Basi akakirudisha kibuyu tunduni kikiwa kitupu vilevile.

"Kisima kimekauka, mwanangu. Nendeni mtoni."

Mtoni! Mwendo wa siku mbili, na mama hawezi hata kusimama. Naye alijua.

Kesho yake akaja mwanamume mmoja mbio, miguu inatoka damu. Alikuwa mfinyanzi, jina lake Kosma. Mkewe Tekla na binti yao Damiana walikuwa wametoka kuwajulia hali wakwe zake, naye alikuwa amemkuta punda wao amekufa njiani, peke yake. Akauliza kama wamepita hapo.

"Sikuwaona," akasema Merkuri.

Kisha, Mungu atuhurumie, akamtekea maji. Kosma akanywa mpaka akashusha pumzi, akaushika mkono wa bawabu akaubusu. "Maji yenu matamu, baba. Mwenyezi Mungu akulipe." Akashuka kilima kwa upande wa pili. Hazikupita dakika nyingi, Merkuri akasikia ukelele kutoka korongoni. Walikuwa hawajafika mbali. Mama alikuwa amelala kifudifudi, na mtoto amejikunyata ubavuni mwa jiwe, magoti kifuani, kibuyu kimepakatwa.

Siku tatu Merkuri hakutia kitu kinywani. Siku ya nne alisimama katikati ya kanisa, mbele ya ndugu zake wote na mbele ya Abba Teodori, mkuu wa nyumba, akaeleza yote, neno kwa neno, hata lile busu la mkononi. Hakujitetea. Habari ikamfikia Kosma huko kijijini kwake, maana Abba Teodori hakukubali ifichwe.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Nyuma ya kanisa palikuwa na ghala la zamani lililochimbwa ardhini, kina chake kimo cha watu watatu, nao waliliita Shimo la Toba. Mtawa aliyetenda kosa la damu alikaa humo siku arubaini. Chakula alishushiwa kwa kamba. Ngazi ya kamba iliachwa ikining'inia usiku na mchana, na siku zikitimia alipanda mwenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kumvuta, kwa kuwa toba ya kuvutwa si toba. Tena, kwa vile zamani ndugu walizoea kushuka kuwafariji wenzao na adhabu ikageuka mazungumzo, iliwekwa sheria ya pili: yeyote atakayekanyaga chini ya shimo, kwa sababu yoyote ile, naye atahesabiwa mwenye kosa, atakaa humo siku arubaini, wala hatatajwa katika sala za meza.

Merkuri akashuka. Siku arubaini zikatimia. Ndugu wakakusanyika mdomoni mwa shimo, wamemshikia kanzu safi. Merkuri hakupanda.

"Siku zako zimekwisha, mwanangu," akaita Abba Teodori.

"Zangu zimekwisha, Abba. Za yule mtoto je?"

Basi wakaanza kumshushia maneno. Mmoja alimsomea zaburi za toba. Mwingine alimweleza huruma ya Mungu isivyo na mpaka. Wa tatu, mwenye ulimi mkali, alimwambia kwamba kukata tamaa nako ni kiburi. Yote yalikuwa kweli! Hakuna neno la uongo lililoshushwa shimoni mle. Lakini Merkuri aliinua macho akaona vichwa vyeusi vimezungukwa na mwanga, akajisemea: hao wako juu, mikono yao haina kitu. Wananiita kutoka mahali ambapo mimi sipo. Akageukia ukuta. Siku ya sitini alianza kurudisha kikapu cha mkate bila kukigusa, akibakiza maji machache tu. Siku ya themanini sauti yake haikusikika tena, ila kukohoa tu. Abba Teodori, ambaye magoti yake yalikwisha kufa kwa uzee, alikuwa akilala kifudifudi pale mdomoni akilia, maana alijua kwamba mwanawe anakufa, na anakufa akiwa amejifungia nje ya rehema.

Ikawadia saumu ya siku arubaini ya kungojea Noeli. Siku ya kwanza ya saumu hiyo, asubuhi na baridi, Kosma mfinyanzi akapanda kilima, mfuko begani.

"Nataka kumwona bawabu," akasema.

Ndugu wakatazamana. Mmoja alitaka kumzuia. Abba Teodori akamtazama machoni kwa kitambo, akasema, "Mwacheni apite. Katika nyumba hii hakuna mwenye haki ya kumzuia huyu."

Kule chini Merkuri alikiona kichwa kimoja kigeni. Alikitambua. Alifumba macho, akangoja, na katika kungoja kwake alikuwa karibu kufurahi kwamba hatimaye mwenye haki ya kulipiza amekuja. Akasikia mkono unapekua mfuko. Akasikia kimya kirefu. Kisha akasikia kamba ya ngazi inalia.

"Usishuke!" wakapiga kelele wale wa juu. "Ukikanyaga chini utahesabiwa mwenye kosa!"

"Nimesikia," akasema Kosma, akakanyaga chini.

Akaketi mkabala na Merkuri. Shimo lilikuwa jembamba, magoti yao yakagusana. Kosma akafungua mfuko, akatoa jiwe kubwa kama kichwa cha mtoto, akaliweka sakafuni. Kisha akatoa kibuyu chenye shanga nyekundu, kimejaa maji.

"Jiwe hili nililiokota korongoni," akasema. "Nimekuja nalo nikuangushie kichwani. Sikufichi."

"Kwa nini hukuangusha?" Merkuri akauliza kwa sauti ya kukwaruza. "Hata sasa unaweza. Fanya, ndugu yangu, fanya."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Kosma hata ndevuni.

"Nilichungulia nikakuona umejikunyata ubavuni mwa ukuta, magoti kifuani. Ndivyo nilivyomkuta mwanangu. Ndivyo hivyo hivyo." Akajipangusa kwa kiganja. "Tena leo ni siku ya kwanza ya saumu. Tangu utoto wangu nafunga saumu hii nikimngojea Mungu aliyewashukia waliomkosea. Kila mwaka nafunga, naimba. Nikasimama pale juu na jiwe mkononi, nikaona haya. Hayakunitoka moyoni machungu, usidhani. Ninayo. Nimeshuka nayo."

Akamwekea kibuyu midomoni. Merkuri akakaza meno. Kosma hakumlazimisha. Alikiweka chini katikati yao, akasema, "Basi na mimi sinywi. Na siku zikitimia sitoki bila wewe."

Lo! Mtu anaweza kuyakataa maneno mwaka mzima. Kiu ya mwenzake iliyo mbele ya macho yake ataikataa mpaka lini? Kesho yake jua lilipopinduka, midomo ya Kosma ilikuwa imepasuka, na Merkuri akakinyanyua kibuyu, akanywa huku analia kwa sauti. Kisha akamnywesha na yeye.

Tangu hapo walikula pamoja. Kosma hakula mpaka Merkuri ale. Kuna siku mfinyanzi aliamka na hasira, akakaa kutwa amempa mgongo, akiwaita Tekla na Damiana kwa majina, na Merkuri akavumilia kusikiliza, kwa kuwa hapakuwa na pa kukimbilia. Kuna siku Merkuri alisimulia tena habari ya tundu la mlango, na Kosma akauliza kila kitu: mtoto alisema nini, alikuwa amevaa nini, mama aliinua kichwa au la. Merkuri akamjibu kweli tupu, hata palipomkata maini. Kule juu, kwenye meza ya ndugu, majina yao wote wawili yalirukwa. Mdhulumiwa na dhalimu wakahesabiwa kitu kimoja.

Lakini majira ya baridi katika nchi ile hayana mchezo. Siku ya thelathini kifua cha Kosma kilianza kubana. Siku ya thelathini na sita alikuwa na homa kali, anatetemeka, na Merkuri anamfunika kwa mwili wake mwenyewe. Abba Teodori hakungoja siku zitimie. Sheria ile, akasema, iliwekwa kwa ajili ya watu. Akaamuru ishushwe kamba nene ya kumvutia Kosma.

"Sitoki bila huyu," akasema Kosma, na kamba ikapanda tupu.

Siku arubaini zilipotimia, ikawa ndiyo Noeli yenyewe. Alfajiri ilipopambazuka, kanisani walianza kuimba kwamba aliye juu ya mbingu leo amelala penye majani ya mifugo. Nyimbo zikasikika shimoni. Kosma alikuwa hawezi tena kuinua mkono.

"Bawabu," akanong'ona. "Wawili wangu walikufa mlangoni kwako. Utaniacha na mimi?"

"Sistahili kutoka, Kosma. Haki ya Mungu sistahili."

"Najua hustahili. Nani amekuuliza habari ya kustahili? Nimekusamehe. Nibebe, nataka kuona jua."

Merkuri alivua mshipi wake, akamfunga Kosma mgongoni kama mama anavyombeba mtoto, akaishika ngazi aliyokuwa hajaigusa kwa zaidi ya siku mia moja. Mikono yake ilikuwa mifupa mitupu. Aliteleza mara mbili, akaanza upya mara mbili. Walipotokeza juu, wa kwanza kutokeza alikuwa mfinyanzi, kichwa chake kikiwa juu ya bega la bawabu, na ndugu, walipowaona kutoka kanisani, wakakatiza wimbo katikati.

Alimpeleka mpaka mlangoni, kwenye jua. Akateka maji kwa kile kibuyu, akamnywesha polepole.

"Maji yenu matamu, baba," akasema Kosma.

Siku ya tatu akafa.

Jangwa lile halikuwa na mbao. Merkuri akamwomba Abba Teodori ruhusa, akaung'oa ule mlango wenye tundu, na juu yake wakamchukua Kosma kwenda kumlaza kando ya mkewe na bintiye, wakamzika nao. Nyumba ile haikuwekwa mlango tena. Bawabu aliishi miaka mingine kumi na saba, ameketi mahali penye wazi, kibuyu mapajani, akimnywesha kila apitaye kabla hajaombwa. Huzuni haikumwacha. Aliyesamehewa hakuambiwa kwamba asahau.

Ndugu zangu, wahenga husema aliye juu mngoje chini, nao humsema hivyo mwenye kujikweza kwamba ataanguka. Lakini yuko Mmoja aliye juu kuliko wote, aliyekosewa kuliko wote, naye alikuja chini bila kuangushwa na mtu. Manabii walitushushia maneno karne nyingi, yote ya kweli, nasi tukaugeukia ukuta. Ndipo Neno mwenyewe akatwaa mwili, magoti yake yakagusa yetu, akahesabiwa pamoja na wakosaji, na gharama akailipa kwa uhai wake. Kosma alikuwa binadamu tu, na kaburi lake halijafunguka. Alifanya alichoweza kumwiga Bwana wake, ambaye kaburi lake ni tupu.

Basi wewe uliye shimoni leo, uliyechoka kusikia sauti za watu wa juu, acha kutazama juu. Geuka tu ubavuni kwako uone ni nani aliyeketi hapo, naye hajanywa bado, anakungoja wewe.