Cheti cha Severini

Miongoni mwa habari ambazo wakongwe wa misioni walipokezana kwa heshima, imo hii ya kijana aitwaye Masika, aliyeitwa na Mungu kwa sauti ya kweli akaitika kwa jina lisilo lake. Waliisimulia polepole, na wengi wao walipofika mwisho walikuwa wameinamisha vichwa.

Zilikuwa zama ambazo mapadre wazalendo walihesabika kwa vidole, na misioni ilikuwa moja tu katika nchi nzima ya milima, kule wanakochimba mashimo ya ngoro mteremkoni ili mvua isiondoke na udongo wa shamba. Mwendo wa siku mbili kutoka misioni aliishi mjane mcha Mungu, Leokadia, pamoja na wanawe wawili. Mkubwa alikuwa amebatizwa, akaitwa Severini. Mdogo, Masika, hakubatizwa, kwa kuwa marehemu baba yao aliweka sharti: mmoja aende kwa mapadre, mmoja abaki kuwatambikia wazee wa ukoo. Baba alipofariki, Masika naye alianza mafundisho ya dini. Mafundisho yalikuwa ya miaka minne, naye alikuwa katika mwaka wa pili.

Severini akachaguliwa kwenda seminari. Padre aliyezungukia vijiji alimpima kusoma na katekisimu, akaridhika, akamwandika. Barua ya kumpokea ikaja, na ndani yake cheti cha ubatizo. Majuma matatu kabla ya safari kijana akashikwa na kichomi, na siku ya tano akafariki dunia. Wajomba wakamzika bondeni. Yule padre alikuwa amekwisha kuhamishiwa nchi nyingine, na pale kijijini watu waliwajua watoto kwa majina ya nyumbani tu. Majina ya kanisani yalikaa kwenye karatasi.

Matanga yalipokwisha, Leokadia alimwita Masika, akamwekea barua mapajani.

"Nilimwahidi Mungu mwana mmoja," alisema. "Sitaki aje kuniuliza yuko wapi. Kuanzia leo wewe ni Severini."

"Mama, na mimi je, Masika?"

"Masika nimemzika."

Mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili. Lakini tusidhani alikwenda kwa kutii tu. Kila mara padre alipokuja kusoma Misa kigangoni, katika kanisa dogo la kijiji, wakatekumeni, yaani wanafunzi wa dini ambao hawajabatizwa, walipotolewa nje baada ya mahubiri, Masika alisimama dirishani akifuata mikono ya padre altareni, na moyo wake ulimwambia kwamba mahali pake ni pale. Alimwonea ndugu yake wivu, naye aliuficha. Kwa hiyo alipoishika ile barua alimlilia Severini na kufurahi katika saa moja, na furaha ile ilimsumbua mpaka kaburini. Kuhusu ubatizo hakuwa na shaka. Kwa akili ya kitoto aliona kwamba ubatizo ulikuja pamoja na jina, kama shati la kaka lilivyokuja na vifungo vyake.

Akaenda. Miaka kumi na minne aliitwa Severini, na hapakuwa na mseminari aliyempita kwa sala, wala kwa kusugua sakafu, wala kwa kuwauguza wenzake. Alikomunika kila siku. Gombera, yaani mkuu wa seminari, alizoea kusema kwamba kama angepata vijana watano wa namna ile angelala usingizi.

Katika mwaka wa mwisho walifika kwenye somo la sakramenti. Mwalimu wao, padre mzee mwenye sauti ndogo, aliwaeleza kwamba ubatizo ndio mlango. Asiyepita mlangoni, hata askofu akimwekea mikono, hapewi kitu. Misa yake si Misa, na maondoleo yake si maondoleo.

Masika alisimama. "Padre, na watu aliowaungamisha?"

"Wamerudi nyumbani na dhambi zao."

"Hata kama hawakujua?"

Kasiani, rafiki yake wa dawati moja, akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Ndugu Severini, utatukimbizia waamini kabla hatujawapata." Darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka. "Mungu hafungwi na sakramenti zake," alisema. "Sisi ndio tumefungwa nazo. Kaa."

Akakaa, na tangu siku hiyo hakula vizuri. Aliona mbele yake watu wa vigango vya mbali, wamepiga magoti, wanapokea mikate mitupu kutoka katika mikono yake na kusema Amina.

Ilikuwa desturi, na ingali desturi, kwamba kabla ya kijana kupewa daraja la upadre jina lake litangazwe kanisani kwao Jumapili tatu, na watu waambiwe: anayejua kizuizi chochote, dhamiri yake inamdai aseme. Katika majuma hayo Masika alipewa ruhusa ya kwenda kumuaga mama. Alifika kijijini tangazo la pili limekwisha kusomwa. Uani alikuta wanawake wanatwanga ulezi wa sherehe.

"Mama Padre," mmoja alikuwa akimtania Leokadia, "siku hiyo utatujua kweli? Utakaa mbele na viatu miguuni."

"Nitawajua," alijibu Leokadia. "Nitawapungia mkono kwa mbali."

"Na dhambi zako utamwambia nani? Utaungama kwa mtu uliyempangusa kamasi?"

Wakacheka mpaka michi ikasimama. Leokadia alicheka nao, na Masika akaona kwamba mama yake alikuwa hajacheka hivyo tangu yeye alipokuwa mdogo.

Wanawake walipoondoka, Masika alimweleza mama yake. Hakuficha neno. Mama alimsikiliza akiwa anapepeta ulezi, na ungo haukusimama.

"Umesema na mtu?"

"Bado."

"Basi usiseme. Nimesikia tangazo mara mbili, nimekaa kimya mara mbili. Na la tatu nitakaa. Kwani Mungu hajui kusoma mpaka aangalie cheti?"

"Mama, si cheti. Ni maji. Maji hayakunifikia."

Hapo ungo ukasimama. Leokadia alifikiri kidogo, kisha akainuka, akaenda mtungini, akarudi na kata imejaa.

"Piga magoti," alisema.

Masika alielewa. Kila mama wa misioni alifundishwa kumbatiza mtoto anayekaribia kufa pasipokuwa na padre, na Leokadia aliyajua maneno yote. Maji ya mama yake yangekuwa ubatizo wa kweli. Mlango ungefunguka, askofu angemwekea mikono, na Misa yake ingekuwa Misa. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alitazama huku na huku. Ua ulikuwa mtupu. Akapiga magoti juu ya makapi ya ulezi, akainamisha kichwa, na wazee walikiri kwamba pale alipopiga magoti alikuwa amekwisha kukubali.

Mama akainua kata. "Severini," alianza, "nakubatiza kwa jina la—"

Masika aliinua mkono, akaufunika mdomo wa kata.

"Mama, Severini alikwisha kubatizwa. Yuko kule bondeni."

"Nyamaza."

"Kila Novemba padre anasoma majina ya marehemu wa kigango hiki, la kila mmoja. La Severini halijasomwa hata mara moja, kwa kuwa Severini ni mimi, na mimi ni mzima. Miaka kumi na minne hajafanyiwa Misa hata moja. Nani anamwombea?"

"Mimi namwombea."

"Kwa sauti?"

Tangu siku aliyotoa ile barua hakuwa amelitaja jina lile kwa kilio, kwa sababu mwanamke ambaye mwanawe yuko seminari halii. Leokadia aliishusha kata, maji yakamwagika, yakamezwa na makapi.

"Nina mtoto mmoja kaburini na mmoja altareni," alisema. "Hivyo ndivyo nilivyoweza kuishi. Ukienda kwa askofu, utakuwa umeniondolea wote. Nenda, lakini usije kwangu tena."

Alikwenda. Alitembea siku mbili, na asubuhi ya tatu alisimama mbele ya Baba Askofu, akamweleza tangu barua mpaka kata ya maji. Askofu alikuwa mtu mpole, mwenye kusikiliza. Alipomaliza kusikiliza aliuliza, "Nani mwingine anajua?"

"Mama yangu tu, Baba Askofu."

"Kwa hiyo ungenyamaza, nisingejua kamwe."

"Ndiyo, Baba."

Askofu alisimama, akatembea mpaka dirishani, akarudi. "Mwanangu, ungekuja mwaka wa kwanza, mtoto wa miaka kumi na miwili, tungekumalizia mafundisho, tukakubatiza Pasaka, ukarudi darasani na wenzako. Ungekuja hata mwaka wa tano. Ulikuwa mzigo wa kubebwa na mtoto, nawe umeulea mpaka umekuwa mlima. Sasa sijui ni wakati gani ulikuwa ukiniambia kweli."

"Sasa, Baba."

"Hilo nalijua, na Mungu atakulipa. Lakini padre nampeleka mahali nisipomwona, na nilicho nacho kwake ni neno lake tu." Akaketi tena. "Utabatizwa. Utakuwa Mkristo mwema, pengine kuliko mimi. Daraja usiniombe tena."

Masika akapiga magoti, akaibusu pete, akatoka.

Siku ya upadrisho mtunza sakristia, aliyekwisha kutandika mikeka mitano mbele ya altare, aliambiwa aondoe mmoja. Kasiani na wenzake watatu walilala kifudifudi juu ya mikeka yao, na watu wakaimba litania. Masika aliwaona kutoka mlangoni, kwa kuwa alikuwa amerudishwa kukaa na wakatekumeni. Ulipofika wakati wa wakatekumeni kutoka nje, alitoka nao, mtu mzima wa miaka ishirini na sita aliyeijua Misa yote kwa Kilatini, katikati ya watoto na vikongwe. Mtoto mmoja akamuuliza, "Kaka, na wewe uko somo la ngapi?" Akamjibu, "Nimeanza upya." Wala hakusimama tena dirishani.

Pasaka alibatizwa, akaandikwa katika kitabu kama Fulgensi Masika. Na katika kitabu kingine, cha marehemu, padre aliandika kwa wino mpya: Severini, mwana wa Leokadia, na karibu yake mwaka wa zamani.

Novemba ilipofika, Padre Kasiani alikwenda kijijini kuadhimisha Misa ya marehemu. Masika alikwenda naye kubeba vyombo na kuitikia sala. Leokadia alikuwa hajatia mguu kanisani tangu habari zilipoenea. Wanawake wale wale waliotwanga ulezi wake walikuwa wakimwita Mama Padre kama zamani, ila sasa walisema hivyo akishapita. Siku hiyo alikuja. Alikaa nyuma kabisa, bila viatu, kitambaa kimemfunika uso.

Padre Kasiani alisoma majina. Alipolifikia la Severini alirudia kulitazama kitabuni, kwa maana aliliita jina hilo miaka mingi akitaka kuazima kalamu. Akalisoma.

Leokadia akalia. Kilikuwa kilio cha mama aliyefiwa asubuhi ile ile, na hapakuwa na mtu kanisani aliyemwendea, kwa kuwa hawakujua wampe pole ya miaka kumi na minne kwa maneno gani. Masika aliacha kengele, akashuka, akamshika mikono. Mama hakuisukuma mikono yake. Alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kijana huyu amefanana na nani.

"Sasa nyote wawili mmekufa," alisema, akajifunga kitambaa vizuri, akatoka.

Waliishi baada ya hapo umbali wa siku mbili, na mama hakumpokea mwanawe tena. Masika alifanywa katekista wa kigango cha mpakani, akafundisha watoto katekisimu miaka thelathini na mmoja, na wanne kati yao walipata upadre. Alipoulizwa kama alijuta, inasemekana aliwajibu wote neno moja, kwamba anajuta kuchelewa.

Wapendwa, tusiharakishe kumhukumu mama yule, kwa maana alimtolea Mungu kile alichokuwa nacho, na alipokikosa akatoa kingine. Wala tusijidanganye kwamba kusema kweli kulimrudishia Masika furaha yake, hakukumrudishia. Marehemu mmoja aliombewa kwa jina lake, na watu wa vigango vingi hawakupiga magoti mbele ya mikono mitupu. Mengine yote alimwachia Mola. Basi nasi, tukiwa na neno zito la kusema kwa mzazi, kwa mwalimu au kwa Mungu, tuombe nguvu ya kulisema lingali dogo.