Pijo la Mzee Singano

Sogeeni, mnipe masikio yenu na hukumu zenu. Masikio nitayarudisha; hukumu nitaondoka nazo.

Hapo Tanga, mtaa wa Ngamiani, walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mbaruku alikuwa na sikio: akigonga bati kwa mpini wa bisibisi, husikia kutu iliyojificha chini ya rangi. Mntangi alikuwa na mkono: bati lililoliwa likabaki jembamba kama karatasi, yeye hulichomelea lisitoboke. Asumini alikuwa na jicho: rangi akiiona mara moja, huichanganya hata usijue ya zamani imeishia wapi na mpya imeanzia wapi.

Wote walikuwa watu wa Bi Hidaya. Asumini alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mntangi alikuwa mpwa wa mumewe, Mzee Singano. Mbaruku alikuwa utingo wa mzee huyo, enzi zile alipopakia abiria kwenye gari lake la Pijo kutoka Tanga hadi milima ya Usambara.

Sasa mzee alikuwa anaondoka. Akili ilitangulia, mwili ukafuata. Alimsahau mkewe, akamsahau mwanawe, lakini kutwa aliomba jambo moja: "Nipelekeni Mlalo. Nikafie kwetu."

Daktari naye alisema, mpelekeni. Lakini kila walipoleta gari, mzee alipiga mayowe na kuwauma mikono waliombeba. "Wezi hawa! Mimi nina gari langu!" Siku moja alianguka akapasuka paji la uso. Bi Hidaya alimfuta damu huku analia, na mzee akimwita mwizi.

Gari lake lilikuwapo, nyuma ya nyumba, miaka mingi limesimama kwenye upepo wa chumvi. Injini ilikubali kuwaka. Mwili ndio ulioshindwa. Milango ilikuwa imeoza chini, sakafu ina matundu, rangi imevimba malengelenge.

Ndipo Bi Hidaya alipotamka mbele ya wote: "Atakayemfikisha mume wangu kwao akiwa hai, gari hili ni lake. Mungu ni shahidi."

Mntangi aliziba sakafu, akasema kesho safari. Mbaruku akalala chini ya gari, akagonga, akasikiliza. "Hapa pamekufa," alisema. Palikuwa ni kwenye mhimili chini ya viti, rangi yake nzima kabisa.

"Unatuchelewesha makusudi!" Mntangi alimfokea. "Mjomba atafia hapa!"

Mbaruku alisukuma bisibisi, ikazama hadi mpini. Kwenye kona za Soni, njia ya kupanda milimani Mlalo, gari lingekatika katikati.

Siku hiyo zikaja habari kutoka Pangani kwamba dada yake Mbaruku amefariki. Alisimama na simu mkononi, akamtazama mzee anayehema kitandani. Hakuna mwingine aliyeweza kusikia uozo umeishia wapi. Akarudi chini ya gari, akaendelea kugonga. Dada yake alizikwa bila yeye.

Mntangi akakata kila palipooza, akalala chali chini ya gari na moto juu ya uso wake. Kioo cha miwani yake kilikuwa na ufa. Bi Hidaya alimwambia angoje kingine.

"Mjomba hangoji, mkaza mjomba," alijibu.

Tone la chuma kilichoyeyuka likakipasua kioo penye ufa, likamwingia jichoni. Bi Hidaya alisikia ukelele, akakimbia na kitenge. Mntangi alijifunga jicho, akamalizia kipande kilichobaki, ndipo akakubali kwenda hospitali. Huko aliambiwa jicho la kushoto limekwenda.

Asumini akapiga msasa, maana bati tupu halilali Tanga bila kushika kutu. Akachanganya buluu iliyopauka, sawasawa na ile ya gari, akapaka palipozibwa. Mzee akatolewa nje. "Si langu!" Akachanganya tena. "Si langu! Wezi!"

Asumini aliketi chini akalia. Kisha akabandua mpira wa mlango. Chini yake, mahali jua halijawahi kufika, akaikuta buluu iliyokolea, ya siku gari lilipokuwa jipya. Akaelewa kwamba baba yake anatafuta gari la ujana wake. Akalipaka lote upya.

Mzee alipitisha kiganja juu ya boneti, akacheka. "Nani kaniletea gari langu?"

"Ni mimi, baba. Asumini."

"Ahsante, bibi," alisema kwa adabu. "Nami nina binti, mdogo bado. Naye anaitwa Asumini."

Akapanda mwenyewe. Asumini aligeuka, akaenda kuosha brashi zake.

Mbaruku aliendesha. Bi Hidaya alikaa nyuma, amemkumbatia mumewe, akihesabu pumzi zake kona kwa kona. Huko Mlalo, mzee aliinua kichwa, akaiona nyumba ya baba yake. "Tumefika," akasema. Kabla ya Magharibi akakata roho.

Baada ya arobaini, watatu hao walikuja mbele ya Bi Hidaya.

"Kazi ya moto kwangu imekwisha," alisema Mntangi. "Nimebaki na nini?"

"Ningenyamaza," alisema Mbaruku, "mngezika wote waliokuwa ndani. Mimi sikumzika wangu."

Asumini alinong'ona: "Baba alilikumbuka gari, mimi hakunikumbuka. Mama, nipe basi hicho alichokikumbuka."

Majirani walishauri liuzwe, wagawane. Bi Hidaya akakataa. Alikuwa ametamka mtu mmoja, tena mbele ya Mungu. Alimtazama mwanawe, akaona aibu kumpendelea. Akalitazama jicho la Mntangi, akainamisha uso. Akamtazama Mbaruku, akakumbuka hakumpa hata pole ya msiba. Siku hizi watatu hao hawasalimiani, na kila asubuhi mama huyo hulifuta gari umande asijue analifutia nani.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mkubwa kwa mdogo: mngekuwa mmekaa pale alipokaa Bi Hidaya, ufunguo mngeutia mkononi mwa nani?