Hodi ya Tatu

Hapo zamani za kale, wanangu, majabali yalipokuwa na milango, aliishi Bi Pimbi na binti yake Kidawa. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo wa mawe asiye na mkia. Mumewe aliliwa na Chui, na tangu hapo Bi Pimbi alimlea binti yake kama yai.

Ada ya wakati ule ilikuwa hivi: huingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Lakini nyumba isiyoitikia hodi tatu ilihesabiwa gofu, na gofu huingia yeyote. Kila siku Chui alibisha, na kila siku Bi Pimbi alijibu, "Mwenyeji hajiwezi, pita njia." Kidawa, mwari mzima, alijibanza nyuma ya mama yake kimya.

Mwaka ule Bi Pimbi akashikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Akajiuliza, nikifa mimi, nani atamjibia mwanangu?

Asubuhi moja akasema, "Kidawa, naenda kuchuma majani. Chui akija, jibu wewe."

"Nijibu nini, mama?"

"Ada unaijua. Maneno tafuta mwenyewe."

"Na nikikosea?"

Bi Pimbi akageuka upesi, maana angejibu asingeondoka. Akatoka, akajificha nyuma ya jiwe hatua chache tu kutoka mlangoni, akajijaza nyasi mdomoni asije akapiga kelele.

Nyata, nyata, nyata. Chui huyo.

"Hodi," akasema kwa sauti tamu.

Kimya.

"Hodi wenyewe."

Kimya. Bi Pimbi alitafuna zile nyasi huku machozi yakimtoka. Alijuta. Alitaka kuruka aliwe yeye, yaishe.

"Hodi, na hii ni ya tatu."

Ndani kikatoka kisauti: "Hodi."

Sasa Chui, pamoja na ukatili wake, alikuwa amelelewa na bibi mkali wa adabu. Kabla hajafikiri, mdomo ukamtangulia: "Karibu."

"Ahsante, mjomba. Shikamoo." Kidawa akatoka, akaketi mbele yake.

"Marahaba. Lakini ngoja kwanza. Anayebisha hapa ni mimi."

"Na aliyesema karibu ni nani?"

Chui akafikiri. "Ni mimi."

"Basi mwenyeji ni wewe, mimi mgeni wako. Kwenu mgeni huliwa, mjomba?"

"Hata kidogo. Mgeni hulishwa."

"Ndiyo maana nimeketi. Nina njaa, nami hula majani mabichi tu."

Chui akatazama makucha yake. Hakuwa na hata jani moja. Akaondoka mkia chini, eti anamtafutia mgeni chakula, na kwa aibu ya kumlaza mgeni na njaa hakuukanyaga tena mlima ule.

Bi Pimbi akatokea, akitema nyasi. Kidawa akamtazama.

"Kumbe ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa hapa."

"Ukaniacha peke yangu?"

"Nilikuacha, mwanangu. Sijawahi kufanya jambo gumu kama hilo, hata siku niliyompoteza baba yako."

Kidawa alikasirika, akageuka, akashuka mlimani peke yake kutafuta majani. Mama yake alitamani kumfuata. Akabaki pale pale ameketi, mikono mapajani, mpaka binti akapotea machoni.

Nami naishia hapo, wanangu, na neno ni hili: ukimjibia mwanao kila hodi, siku usipokuwepo hatakuwa na sauti.