Mjane Aliyeuona Mkia

Sogezeni vigoda, wanangu, mnisikilize. Zimwi liliingia mji wa Sengeni, likawalisha watu pilau na kuwalaza magodoroni, mradi waseme kwamba halina mkia. Wote walisema, hata mchungaji wao. Akabaki mjane Damari.

Zimwi likamwahidi nyumba. "Una mkia," akasema.

Likamwahidi ng'ombe. "Una mkia."

Likamtuma binti yake, Eunike.

"Mama, sema tu, tule."

"Yesu wangu hakusema uongo, mwanangu. Lina mkia."

Eunike akamfungia nje, Damari akahamia porini.

Mwaka ulipogeuka, zimwi likaanza kula watu. Damari akarudi mbio, akabisha.

"Eunike, toka tukimbie!"

"Niache, mama, pilau inapoa."

Zimwi likatokea kichochoroni. Damari akaukumbatia mlango, asiondoke.

Hadithi yangu inaishia hapo mlangoni, wanangu.