Majogoo wa Wapimaji

Mpikia wapimaji hujua chumvi, hajui mpaka. Mliisikia jana mkutanoni, mkacheka, na leo mnataka kujua imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi, kule milimani Kwemzindo, mwaka kijiji kilipopimiwa mashamba ili kila mtu apate hati yake ya kimila.

Bi Mwantumu alikuwa mjane, lakini nyumba yake haikujua upweke. Ukipita hapo huulizwi kama umekula, unawekewa sahani. Shamba lake liliteremka hadi kijitoni, na kipande cha chini, chenye maji mwaka mzima, ndicho kilichomlisha kiangazi. Kipande hicho alikuwa amekwisha kumwahidi binti yake Hadia, aliyerudi nyumbani na talaka na watoto wawili. Jirani yake alikuwa Shekiondo, na kati yao mpaka ulikuwa mstari wa masale, mimea ya kuwekea mpaka, aliyoyapanda marehemu mume wa Bi Mwantumu.

Tangazo lilikuwa wazi: siku ya kupima, kila mwenye shamba asimame mpakani na jirani yake. Lakini Bi Mwantumu aliposikia wageni watano wanakuja, akili yake ilikimbilia jikoni. Wapite kwake na njaa? Watu wangesemaje? Akachinja majogoo wawili.

Mwenyekiti wa kitongoji akachungulia mlangoni. "Shangazi, wapimaji wako shambani kwako. Twende."

"Niuache wali uungue? Shekiondo si yupo? Miaka thelathini tunaombana chumvi. Ataonesha."

"Mpaka hauoneshwi na mtu mmoja, shangazi."

"Hebu nenda huko! Mdomo wako utanikaushia mchuzi."

Fomu ya kukubali mpaka ikaletwa jikoni. Hakuuliza imeandikwa nini. Alibonyeza dole gumba lenye mafuta ya kuku, akauliza kama wageni wanakula pilipili. Walikula, wakasifu, na sifa hiyo aliitembeza kijiji kizima. Ramani ilibandikwa ofisi ya kijiji mwezi mzima, mwenye pingamizi aseme. Bi Mwantumu alipita hapo kila siku akisalimia watu, ukutani hakutazama.

Siku ya kugawa hati, akasikia kipande cha kijitoni kimesomwa kwa jina la Shekiondo.

"Shekiondo! Masale ya mume wangu hukuyaona?"

Shekiondo akatazama kandambili zake. "Waliniuliza mpaka wangu uko wapi, nikawaonesha ninapopajua mimi. Ungekuwepo, ungebisha."

Msichana wa kamati ya ardhi akamfunulia fomu. "Bibi, hili dole si lako?"

Lilikuwa lake. Mafuta yalikuwa yamelizunguka, yamekauka kama muhuri.

Alilalamika kwenye baraza la ardhi, lakini masale yalikuwa yameshang'olewa, na dole lilibaki. Hadia akaanza kulima vibarua katika mashamba ya watu. Mama yake alimwona akishuka asubuhi na jembe begani.

Mwaka uliofuata, wapimaji wakaelekea kitongoji cha pili. Bi Mwantumu alikwenda huko kwa miguu, akamkuta wifi yake anapepeta mchele, jogoo kafungwa miguu kando yake.

"Wifi, karibu! Umekuja kunisaidia kupika?"

"Mfungue huyo jogoo, uende ukasimame shambani. Wakirudi na njaa, wape maji."

"Jamani, wifi! Na wewe wa kusema hivyo?"

"Mimi ndiye wa kusema. Mpikia wapimaji hujua chumvi, hajui mpaka."