Chupa Alizozichungulia Palmira

Divai haichachi kwa kungojwa, huchacha kwa kuchunguliwa. Niliyasema maneno hayo jana tulipokuwa tukipogoa zabibu, baada ya kumwona Yoleta akisimama kila mwisho wa mstari kumpigia simu mchumba wake aliyeko Mtwara, amwulize yuko wapi, yuko na nani, na hiyo sauti ya mwanamke nyuma yake ni ya nani. Mlicheka, kisha mkataka kujua nimeyatoa wapi, maana wazee wetu wa Kigogo hawana methali ya divai. Kweli hawana. Hii niliipata kwa Sista Klelia, aliyenifundisha kupika kule misheni nilipokuwa msichana, naye alizaliwa huko ilikotoka. Kaeni basi, niwaeleze ilivyozaliwa.

Italia kuna mkoa uitwao Marke. Upande mmoja una milima mirefu, upande wa pili una bahari, na katikati ni vilima tu, kimoja baada ya kingine, vya udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa. Hapo hupandwa zabibu nyeupe iitwayo verdikio, ambayo hata ikiiva hubaki na ukijani kwenye ganda. Divai yake ikiwa changa hukamata ulimi kama ndimu, na ukishaimeza huacha uchungu kidogo wa lozi. Siku hizi wanaijua: ikiachwa chupani miaka mingi hugeuka rangi ya dhahabu na kunukia asali. Lakini zamani zile, katika kijiji cha akina Sista, Kastelvento, hakuna aliyelijua hilo. Divai ya kuweka ilikuwa nyekundu. Nyeupe ilinywewa kabla ya mavuno mengine, na aliyeiweka walimwona sawa na mtu anayetunza maziwa ya Pasaka ayanywe Krismasi.

Sasa, desturi yao ilikuwa kwamba bwana harusi huweka chupa za divai nyekundu ya mwaka wake wa ndoa, yeye na mkewe wazinywe polepole maishani. Kijana mmoja aitwaye Nazareno alimwoa Ersilia mwaka ambao mvua ya mawe iliteketeza zabibu nyekundu zote. Ikabaki verdikio, kwa sababu ilikuwa ng'ambo ya kilima. Nazareno akaweka hiyo hiyo. Akaziba chupa, akazipaka nta midomoni, akazilaza kwenye mchanga katika pango walilolichimba chini ya nyumba. Kijiji kizima kilimcheka. Yeye akajibu kwamba hii ndiyo Mungu aliyowapa, na hawezi kuoa kwa divai ya jirani.

Ardhi waliyolima ilikuwa ya bwana mwingine, na Nazareno alitaka shamba lake mwenyewe. Kwa hiyo haukupita muda akaondoka kwenda Argentina kujenga reli, kama walivyofanya vijana wengi wa vilima vile. Alimwachia Ersilia maneno machache: divai ile wangeinywa pamoja atakaporudi. Kuandika hakujua. Habari zake zililetwa na watu waliokuwa wakirudi, yuko mzima, anawasalimu, amekonda kidogo. Kisha vita vikaingia, safari za meli zikakatika, na wa kuleta salamu akakosekana.

Nyumbani walibaki wanawake wawili, Ersilia na mama mkwe wake Palmira. Najua mnavyowafikiria mama wakwe, na wengine wanastahili, lakini huyu msimtie katika fungu hilo. Alikuwa mjane, na Nazareno alikuwa mwanawe wa pekee. Wakati wa baridi alimpa Ersilia upande wa kitanda ulio karibu na jiko. Akipata yai moja, alijidai mayai yanamsumbua tumbo. Walipendana watu hawa, wala hawakusemezana sana juu ya hilo.

Kosa la Palmira lilikuwa moja. Hakuamini kwamba divai nyeupe inaweza kungoja. Na kwa kuwa divai ile ilikuwa ya mwanawe, kidogo kidogo vitu hivyo viwili vikaungana kichwani mwake: divai ikiwa nzima, mwana ni mzima. Basi kila sikukuu alishuka pangoni peke yake, akavunja nta ya chupa moja, akaonja funda, akaridhika. Kuimaliza hakuweza, maana kunywa divai ya mwanawe bila mwanawe kuwapo kulikuwa mwiko kwake. Akaiziba tena, akairudisha mchangani. Ninyi mnaolima zabibu mnajua kilichofuata. Divai iliyokwisha kuingiwa na hewa haina maisha.

Tena verdikio ina tabia yake. Ikifika umri wa katikati hunyamaza. Ukali wa ujana umeondoka na asali haijaja, ukiionja ni kama umeonja maji ya mto. Palmira alipofikia kuonja chupa za namna hiyo aliogopa sana. Akaacha kungoja sikukuu. Akawa anashuka akisikia jirani amefiwa, akiota ndoto mbaya, hata mbwa akilia vibaya. Hofu ilimpeleka pangoni, na pangoni akaokota hofu nyingine ya kupanda nayo. Haikuchukua muda akawa anakutana na chupa zake mwenyewe za zamani, zimekwisha kuwa siki.

Siku moja, asubuhi ya Jumapili, alipanda kutoka pangoni akakaa kwenye ngazi na kulia. Ersilia alipomwinua alimwambia kwamba chupa zote ni siki na Nazareno amekufa. Alikuwa amekwisha kukata shauri: angemwomba padri asome misa ya wafu, na Ersilia avae nyeusi. Msidhani hilo lilikuwa jambo dogo. Kule, mama mzazi akimtangaza mwanawe kuwa marehemu, kijiji kinapokea, na mkewe anakuwa mjane kuanzia siku hiyo. Kulikuwa na mgane mmoja, mchonga mawe, mtu mwema kabisa, aliyekuwa amemwuliza Palmira habari za Ersilia. Palmira alimwambia wazi mkaza mwanawe kwamba hataki aozee pamoja naye. Yaani alikuwa tayari kumzika mwanawe ili Ersilia apate kuishi. Sista alipofika hapa alikuwa anaacha kukoroga chungu.

Ersilia hakubisha. Alishuka naye pangoni wakiwa na taa. Akaona chupa zimelala mchangani, midomo yote imebanduliwa nta. Hapo ndipo alipoelewa mama mkwe wake alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo. Akapekua mchanga mpaka ukutani, na huko nyuma akagusa chupa moja ambayo nta yake ilikuwa haijaguswa, ina alama ya kidole gumba cha Nazareno.

Palmira alinyoosha mikono yote miwili.

"Tuifungue hiyo," alisema. "Ikiwa nzima nitangoja nawe. Ikiwa siki, twende kwa padri."

"Tukiifungua, mama, tutapata habari za divai," Ersilia akajibu. "Za Nazareno hatutazipata."

"Na nikifa sijajua?"

"Utakuwa umekufa ukimngoja. Ni bora kuliko kumzika akiwa hai."

Palmira akaishusha mikono yake. Kisha akamwambia Ersilia afunge mlango wa pango na ufunguo auweke yeye, maana mtu aliyezoea kuchungulia hawezi kuaminiwa. Hili ndilo neno ambalo mtu mwingine yeyote angelikubali upesi. Mimi ningelikubali. Ersilia alifunga mlango, akauchukua ufunguo, akautia katika mfuko wa aproni ya Palmira.

"Kaa nao wewe," alisema. "Nikikunyima ufunguo, nitakuwa nakuchungulia wewe."

Misa haikusomwa. Mchonga mawe alijibiwa kwa heshima, akaoa kijiji cha pili. Sikukuu zilipofika Palmira alishuka ngazi, akaweka kiganja juu ya mlango wa pango kama unavyompima mtoto homa, akapanda tena. Ersilia alikuwa akisikia nyayo zake zikishuka na zikipanda, na hakuuliza. Wakati mwingine Palmira alikaa huko chini muda mrefu, na Ersilia jikoni akasogea hadi penye ngazi, kwa sababu naye ni binadamu. Lakini hakuchungulia.

Vita vikaisha. Meli zikaanza tena, wengine wakarudi, wengine majina yao tu. Palmira macho yalikuwa yamefifia kiasi kwamba alichambua maharage kwa vidole. Mchana mmoja wa mavuno, mtu alisimama mlangoni. Ersilia alikuwa shambani. Palmira aliacha maharage, akamwendea, akampapasa uso, akapapasa masikio, akamwambia aingie ndani kabla supu haijapoa. Nazareno akaingia akimshika mama yake mkono. Ersilia aliitwa akaja mbio na kisu cha kuchumia zabibu mkononi, na inasemekana ilibidi majirani wamnyang'anye kisu kabla hajamkumbatia mumewe.

Jioni waliketi mezani watatu. Palmira mwenyewe alitoa ufunguo, Nazareno akashuka, akapanda na chupa moja. Akauliza nyingine ziko wapi. Ersilia alimjibu haraka kwamba wamezinywa siku za sikukuu, kumtakia afya.

"Mwongo mwema huyu," Palmira akasema. "Niliziharibu mimi, mwanangu. Moja moja."

Nazareno alidhani mama anatania. Akabandua nta, akamimina. Divai ilitoka na rangi ya dhahabu iliyokolea, na chumba kikanukia asali, na lozi, na kitu kama majani makavu ya kiangazi. Ukali wa ndimu ulikuwepo bado, chini kabisa, ndio ulioishikilia miaka yote. Ersilia alishusha bilauri akamwangalia mumewe, mwenye mvi kabla ya wakati wake, akalia bila kujificha. Nazareno alimwekea mama yake bilauri mkononi.

Palmira alikunywa funda, safari hii akalimeza bila kulipima, kisha la pili. Uso wake ukaanza kufurahi, halafu ukabadilika, kwa kuwa alikuwa ameelewa kwamba zote zingekuwa hivi. Kila chupa aliyoifungua ilikuwa njiani kuja kuwa hii, akaikatiza. Nazareno akamwambia asihuzunike, divai ni divai, mwaka ujao watakuwa na nyingine ya shamba lao.

Hakujua mama yake alikuwa anafikiria nini. Ersilia alijua, maana aliikumbuka ile misa ya wafu ambayo haikusomwa. Palmira aliunyoosha mkono juu ya meza, akapapasa mpaka akaupata mkono wa mkaza mwanawe, mkono ule uliompa ufunguo wakati yeye mwenyewe alikuwa hajiamini. Akaushika na kusema maneno ambayo kijiji kile kilikuwa bado kinayasema alipozaliwa Sista:

"Divai haichachi kwa kungojwa, binti yangu. Huchacha kwa kuchunguliwa."